Mkono Kichwani

Jumapili, 16 Oktoba

Siku nane tangu harusi! Mtu akisema "mke wako" bado nageuka nyuma nimtafute huyo mke ni nani. Ni mimi. Mimi, Maren, mke wa Colby!

Leo Mama Loretta, mama mkwe wangu, ametukabidhi trela. Ni lile lake na marehemu Baba Hollis, lenye ndege wa manjano ambaye Mama alimchora mwenyewe kwa brashi kwenye pembe ya mbele. Majira kumi na moja ya baridi wamelivuta kutoka hapa Nebraska mpaka Quartzsite, jangwani Arizona, wakikimbia theluji. Sasa ndiyo nyumba yetu. Lina jiko, lina kitanda, lina hata dirisha juu ya sinki! Nimelia. Colby kasingizia vumbi.

Ila kuna sharti. Mama hajamwamini Colby kuvuta chochote tangu alipoangusha trela la farasi mtaroni akiwa na miaka kumi na tisa. (Farasi hakuumia. Kilichovunjika mguu ni heshima ya Colby.) Kamwambia mbele yangu: "Ukilifikisha Quartzsite likiwa zima, ni lenu. Ukiliharibu, nalitafutia mnunuzi. Sina moyo wa kuliona likifia mikononi mwako."

Colby kainamisha kichwa kama mtoto. Nilitamani kumkumbatia palepale — nikamkumbatia.

Jumatatu, 17 Oktoba

Somo la kutwa. Mikono inanuka grisi na sijali.

Trela hili halifungwi nyuma ya gari kama mengine. Shingo yake inapanda ndani ya bodi ya pikapu na kukalia kiti cha chuma. Baba Hollis alikuwa na pikapu ya bodi ndefu. Yetu ni fupi. "Fupi kama subira ya mwanangu," kasema Mama. Sasa ukikata kona kali na bodi fupi, pembe ya trela inakuja moja kwa moja kwenye kioo cha nyuma cha kabini. Dawa yake ni kiti kinachoteleza. Kwenye barabara kuu kinakaa mbele. Kabla ya kona kali mnasimama, mmoja anashuka, anaweka vigingi kwenye tairi za trela lisisogee, anavuta leva ya kukifungua kiti. Gari linasogea mbele kidogo, kiti kinateleza nyuma, pini ya kukifunga inaingia tunduni. Klak!

Huyo wa kushuka ni mimi. Mama kanifundisha ishara zake na Baba Hollis. Kasema hawakuwahi kufokeana kwenye kambi za trela hata siku moja. Ngumi juu: simama. Mkono kichwani: kiti kimerudi nyuma, pini imeingia, geuza utakavyo.

Kanishika mabega. "Usiweke mkono kichwani mpaka uione pini kwa macho yako, binti yangu. Aliyekaa kwenye usukani haioni. Anakuona wewe tu."

Anakuona wewe tu! Nimeyaandika maneno hayo ndani ya jalada la daftari hili, na kopa pembeni.

Kesho Mama anatangulia kwa ndege. Sisi tunaondoka alfajiri.

Jumatano, 19 Oktoba

Colorado! Milima upande mmoja, mume wangu upande mwingine, sijui nitazame wapi. (Najua.)

Kona mbili kali leo, kituo cha mafuta na lango la kambi. Nikashuka, leva, klak, nikachungulia pini, mkono kichwani. Colby akageuza trela kama anakunja shati. Wazee wa kambi walikuwa wamekwisha kutoa viti nje na kahawa zao, maana huku mgeni akiegesha ni sinema ya bure. Hawakupata cha kucheka. Mmoja kanung'unika: "Hawa watoto wametunyima burudani."

Tumebuni ishara yetu wenyewe. Kuvuta sikio: nakupenda. Colby kavuta sikio mara nne akiwa analipa mafuta. Yule mama wa kaunta kamuuliza kama lina usaha.

Alhamisi, 20 Oktoba

Kioo kimevunjika. Hatujaumia. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 21 Oktoba

Naandika sasa. Colby yuko nje anabandika plastiki.

Ilikuwa kambi moja ya New Mexico, jana alasiri. Lango jembamba, kona papo hapo. Viti vimeshatolewa. Mzee Orval, jirani yetu hapa, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele. Kapaza sauti: "Bibi harusi huyo! Tulieni, sinema inaanza!" Nyuma yetu magari matatu yanangoja, moja linapiga honi. Nikaweka vigingi haraka haraka kwenye kokoto. Nikavuta leva. Ilikuwa ngumu. Ikaja nusu. Colby akasogea, nikasikia chuma kikilia. Nikajiambia ndiyo hiyo klak. Honi tena. Watu wote wananitazama mimi!

Sikuchungulia pini.

Nikaweka mkono kichwani. Nikatabasamu, tena.

Akageuza. Sauti ile siwezi kuisahau. Vigingi vilikuwa vimeburutika kwenye kokoto, na trela zima lilikuwa limesogea pamoja na gari. Kiti hakikuteleza hata kidole. Pembe imeingia kwenye kioo chote, na ndege wa Mama ana mkwaruzo toka mdomoni mpaka mkiani.

Colby alitoka ndani, vipande vya kioo kwenye kola. Hakukitazama kioo kwanza. Kanitazama mimi. "Umeumia?"

Nikatikisa kichwa.

Akaenda akakitazama kiti, kiko mbele kabisa. Akafikiri. Akasema — na haya ndiyo yanayonikaba — "Wewe ulinipa ishara, maana yake pini uliiona. Basi imechomoka nilipogeuza. Nimegeuza kwa pupa. Kosa langu, mpenzi."

Hakuwaza lolote jingine! Hata mara moja!

Watu walibeba viti vyao kimyakimya wakarudi ndani. Mzee Orval tu ndiye aliyekuja, na ufagio. "Bwana harusi, usihuzunike. Kila mwenye bodi fupi ana siku yake ya kufagia. Mimi nina mbili." Kisha akanigeukia. "Na wewe binti, pole. Mmefanya kila kitu sawa, nimekuona." Afadhali angenipiga na huo ufagio.

Asubuhi Colby kampigia Mama simu, sauti kubwa ili nami nisikie. "Mama, nimevunja kioo. Na ndege wako amekwaruzika."

Mama kauliza: "Safari hii farasi hayumo, angalau?"

"Hayumo, Mama."

"Haya. Leteni hivyo hivyo. Kuna jirani yangu hapa anatafuta trela."

Colby kasema, "Sawa, Mama. Ni haki yako." Akakata simu, akasimama anatazama dirisha letu la juu ya sinki. Nami pale pale, nasuuza kikombe kimoja mara tatu, na mdomo wangu umefungwa kana kwamba si wangu.

Jumamosi, 22 Oktoba

Arizona. Plastiki inapigapiga nyuma yetu njia nzima. Colby anaiita dirisha la fungate. Anaimba ili nisiwe mnyonge. Anadhani nalilia trela.

Nimejaribu mara tatu. Kwenye kituo cha mafuta nikasema, "Colby, ile ya juzi —" akaniwekea kidole mdomoni. "Yamekwisha. Usinitetee."

Usinitetee!

Wakati wa chakula kavuta sikio. Mimi nikavuta langu. Akavuta yote mawili kwa pamoja, kama punda, nikacheka, nikaenda kulia bafuni.

Naogopa nini? Si Mama. Naogopa kwamba akijua, siku nyingine nikiweka mkono kichwani atashuka kwenda kuangalia mwenyewe.

Jumapili, 23 Oktoba

Quartzsite. Joto, changarawe, trela kila upande. Naandika juu ya usukani. Ndiyo, usukani!

Mama Loretta alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja mbele ya nafasi yetu, kofia pana, kikombe mkononi. Pembeni yake huyo jirani. Tayari ana futi ya kupimia. Mama kamshika ndege wake mkwaruzoni kwa kidole gumba. Akampita Colby. Mimi kanibusu mashavu yote mawili. "Pole, binti yangu. Nilikuonya kuhusu huyu."

Colby kacheka kidogo, kisha kanipa funguo. "Ingiza wewe, mpenzi. Jina langu limeshaharibika. Lako bado safi. Akikuona unaendesha vizuri, labda atatuachia."

Langu safi.

Nikapanda. Kona ni kali, kati ya nguzo mbili. Kwenye kioo cha pembeni nimemwona Colby akipiga vigingi kwa nyundo, akavuta leva kwa mikono miwili. Nikasogea. Klak. Akainama mpaka pua ikakaribia chuma. Akaigusa pini kwa kidole. Akaigusa tena. Hapo ndipo aliposimama na kuweka mkono kichwani, jasho linamtiririka, anatabasamu.

Mimi siioni pini. Namwona yeye tu.

Nimeweka gia ya kuegesha. Nimefungua daftari kwa sababu kuandika ndiyo dawa yangu. Wanadhani naogopa kona. Mama anapaza sauti: "Geuza, binti! Mumeo ameshakupa ishara!" Jirani anakunja futi yake, anaikunjua.

Nimetoa ngumi dirishani. Simama.

Colby ameteremsha mkono. Haelewi.

Nimemwita. Nimesema, "Na Mama pia, tafadhali. Kabla sijageuza, kuna jambo la pini."

Wanakuja. Mama na kikombe chake. Colby mbele, anapangusa grisi kwenye suruali, na kwa kuwa anaona uso wangu, anavuta sikio —