Kompyuta Iliyopona

Kitale

Dada Nelima,

Huko Kabuchai mko aje? Mdogo wako ana bahati, bana. Virusi vimefunga kompyuta za zahanati yetu, faili za wagonjwa hazifunguki, lakini yangu imepona.

Ati vilipitia kwenye kompyuta ya Jepkorir, mwenzangu wa ofisini, kwenye programu kuukuu ya kuandikia barua. Tulikuwa tumeambiwa tuitoe, si salama. Kila Jumatatu ukaguzi ukifika, mimi nilikuwa nazima mashine na kudai stima imepotea, kwa sababu ile mpya siiwezi.

“Hiyo kitu sijawahi kuwa nayo,” Jepkorir alimwambia bosi.

“Na si iko kwa meza yako, mama?”

Amefutwa kazi.

Virusi vilipoingia kwangu, yeye alikuwa likizo, yake ikiwa imezimwa; nikaweka yangu mezani kwake na yake kwangu. Iliyopona si yangu, dada. Ni yake.

Wabwile