Kitanda cha Mama Ndani ya Tela

Jumatatu, 13 Juni 1960

Nimemwosha Mama, nimemgeuza, nimemlisha uji. Jirani Bi Riziki kaja kukaa naye. Ndipo nikaenda spitali kuitazama tela.

Imeshuka melini Mkoani jana, ikavutwa na Landrova mpaka hapa Chake. Nyeupe, inang'aa. Wazungu kwao huivuta nyuma ya gari wakaenda kupumzika. Ndani mna vitanda viwili vya sponji, meza ya kukunja, jiko dogo la stovu, mapazia ya maua. Vioo vikubwa kila upande. Daktari wetu wa kigeni anataka iwe kliniki ya wajawazito. Mkunga wake ni mimi. Nitakwenda nayo vijijini, nilale humo siku za kazi, nirudi nyumbani mwisho wa wiki. Tutaanza na Vitongoji.

Sikuwa na la kupinga. Wanawake wa kule huletwa mjini juu ya vitanda vya kamba, na wengine wakifika huwa wameshakufa.

Nilikalia lile sponji kidogo. Nikatamani nilale palepale.

Alhamisi, 16 Juni

Fundi Omar kaanza. Seremala mwenye maneno machache, namshukuru kwa hilo. Kang'oa vitanda vyote viwili na jiko. Tutaweka kitanda kimoja kirefu cha mbao, cha kupimia na kuzalishia, na makabati ya dawa. Pipa la maji juu ya ekseli, uzito usivute nyuma.

Adhuhuri sikuweza kukaa ndani. Bati linachoma kama chungu. Fundi anasema tuipandishie paa la makuti, liachane na bati kiasi cha shubiri, upepo upite katikati. Daktari kacheka, kisha kakubali.

Mlango uko juu mno. Mwanamke mwenye tumbo na buibui hapandi pale. Nimetaka ngazi pana, yenye pa kushika.

Mama kajichafua mchana. Bi Riziki kanisubiri mimi nije nimsafishe. Simlaumu. Sina nguvu ya kumlaumu mtu.

Jumanne, 21 Juni

Leo vioo vimetoka. Mimi ndiye niliyetaka. Mwanamke gani atajilaza pale akiangaliwa na njia nzima? Fundi katia madirisha ya vibao vya mshazari, kama ya nyumba za mjini. Upepo unaingia, jicho haliingii. Mapazia ya maua nimeyatoa, nimeshona ya kaniki.

Imependeza. Kwa mara ya kwanza nimeiona kama kitu changu.

Ijumaa, 1 Julai

Kazi imekwisha. Makuti juu, bati chini, ngazi mbele. Watu waliotoka msikitini wamesimama kuishangaa. Mmoja kauliza kama ni nyumba au ni gari. Makame, dereva wetu, kamjibu kuwa hata yeye hajui, anachojua ni kwamba inapinda vibaya kwenye kona.

Mama kauliza itanichukua siku ngapi. Nimemwambia nitakuwa narudi. Kageuza uso ukutani. Tangu apooze upande wa kulia, uso ndio anaoweza kuugeuza mwenyewe.

Jumatano, 6 Julai

Vitongoji. Siku ya tatu. Hajaja mtu.

Tumeegesha karibu na njia ya kisimani ili wanawake watuone. Wanatuona. Wanazunguka mbali na ndoo zao kichwani.

Alhamisi, 7 Julai

Nimejua sababu. Makame kaambiwa dukani. Wanasema sisi mumiani, tumekuja kunyonya watu damu. Gari la serikali, limezibwa madirisha, limefungwa kaniki nyeusi, ndani kuna kitanda na pipa. Pipa la nini?

Pipa la maji! Nilicheka, kisha nikalia. Nilivifunga vile vibao kwa ajili ya stara yao.

Nimemwendea Bi Mize, mkunga wa jadi wa hapa, mtu mzima, kazalisha nusu ya kijiji. Kanipokea vizuri, kanipa chai ya mchaichai. Kasema haamini habari za mumiani, lakini wenzake wakiamini yeye hawezi kuwakokota. Anaogopa pia kwamba nimekuja kumnyang'anya kazi. Hakulisema, nimeliona.

Tumerudi Chake. Kiuno kinaniuma.

Jumatatu, 11 Julai

Balaa juu ya balaa. Karafuu zimeiva. Bi Riziki anakwenda shamba na wanawe mpaka mavuno yaishe. Kanieleza kwa haya, kaniletea na muhogo. Nimezunguka mtaa mzima mpaka Gombani kwa binamu yangu. Kila nyumba imefungwa, watu wako shamba. Waliobaki hawasemezani kwa sababu ya siasa. Ukimwomba huyu, yule haingii nyumbani kwako tena.

Nimemwomba Daktari anipe ruhusa ya kukaa nyumbani kidogo. Kasema hana mkunga mwengine. Kweli hana.

Niliporudi Mama alikuwa kaanguka kitandani. Kalala sakafuni tangu sijui saa ngapi. Hakulia. Kasema tu, "Nlikwita, kisha n'kachoka."

Nimepita kwa Fundi Omar. Nimemwambia anitengenezee kitanda kingine ndani ya tela, nyuma ya mlango. Kifupi, cha kukunja, chenye ubao pembeni mtu asianguke. Hakuuliza cha nani. Mama yake naye aliugua muda mrefu.

Jumanne, 19 Julai

Mama yuko Vitongoji.

Fundi na Makame walimpandisha kwa kiti. Daktari hajui. Naogopa, lakini uchovu umeushinda woga.

Hakutaka kulala. Kataka mlango uachwe wazi, kitanda kisogezwe, aegemezwe mto, awekewe tambuu yake karibu. Basi anaona njia yote, na njia yote inamwona. Alianza asubuhi ileile. Kila anayepita anaitwa. Weye mtoto wa nani? Babako yuko hai? Yule ndugu yake aliyeoa Kojani karudi? Mama ni mzaliwa wa Kojani, na usemi wake haukumtoka. Mchana mwanamke mmoja kasimama, akaweka ndoo chini. Kumbe bibi yake na Mama walicheza pamoja.

Ndoo ilikaa chini mpaka alasiri.

Jumamosi, 23 Julai

Sikurudi mjini wiki hii. Wamekuja! Si wengi, lakini wamekuja. Wanakuja kumtazama Mama, wanapanda ngazi kumpa mkono, na wakishakuwa ndani wanasema, haya Bi Salama, nitazame na mimi basi. Nimewapima tumbo, nimewapa dawa za kuongeza damu. Nimejifunza kutolitamka neno "damu". Nasema dawa za nguvu.

Nimewaeleza pipa. Mmoja kafungulia bomba, kanawa uso, kawaita wenzake.

Bi Mize pia kapita. Hakuingia. Alikaa ngazini akazungumza na Mama kama mimi sipo.

Sijapata kumwona Mama hivi tangu alipopooza. Mimi nimekuwa mtumishi wa wote wawili, tela na yeye. Nageuza, nasafisha, napika, napima.

Jumatano, 27 Julai

Naandika ili nisilie.

Alfajiri wamemleta Hadia, mke wa mvuvi mmoja anayeitwa Shaame. Mimba ya kwanza. Uchungu tangu juzi. Walimficha ndani kwa kuniogopa. Ni Bi Mize aliyewaambia wanaume wainue kitanda wamlete kwangu, na yeye akaja naye, akaingia. Mtoto katanguliza makalio, kakwama. Nilisikiliza moyo wake. Sikusikia kitu. Nilisikiliza tena na tena.

Nimemtoa. Bi Mize kamshika Hadia mabega, mimi nimefanya kazi yangu. Mtoto wa kiume, maiti. Kisha Hadia kaanza kumwagika damu. Nilidhani nampoteza na yeye. Imekata karibu na saa nne. Kitanda kirefu kilikuwa kimeroa chote, nikamhamishia kwenye cha Mama, na Mama kashushwa nje juu ya mkeka. Manyunyu yakaanza. Makame kamfunika kwa turubai.

Watu walishajaa. Walisikia mayowe, wakaona naitoa ndoo ya maji mekundu. Nikasikia lile neno likipita midomoni. Shaame alikuwa mbele, macho yamemtoka, ana shoka la kuni mkononi. Sidhani alijua analo. Nilisimama mlangoni. Bi Mize kasema mtoto alikufa kabla hawajafika, hakuna aliyemsikiliza.

Mama ndiye aliyemwita. Kutoka chini pale, kwenye mkeka, sauti ya kawaida kabisa.

"Shaame, mwanangu, weka hilo shoka uingie ukamwone mkeo. Mie nakaa na kulala mumo humo. Nitazame. N'mepungua nini?"

Shaame kamtazama kweli. Kisha kalilaza shoka, kavua viatu kama anaingia msikitini, kapanda. Nilimpisha. Sikumfuata.

Alipotoka alikuwa analia. Aliwageukia wenzake akasema, "Yu hai. Ataka maji."

Mwanamke mmoja akakimbilia nyumbani kuleta kikombe. Wengine wakaondoka kwenda kuchimba kaburi. Bi Mize kamkosha mtoto, mimi nimempa kipande cha bafta cha kumkafini.

Mama kalowa mgongo wote. Anakohoa.

Ijumaa, 29 Julai

Hadia kakaa kitako, kala. Homa hana. Wanamchukua kwao kesho, na Bi Mize atakuwa naye.

Mama bado anakohoa. Nimemkanda kifua. Namtazama akilala, nasema moyoni kuwa nimemleta hapa afe kwa ajili ya kazi yangu. Au kazi yangu itakufa kwa ajili yake. Sioni njia ya tatu.

Jumatatu, 1 Agosti

Daktari kafika bila kutangaza. Habari za Hadia zilimfikia, alikuja kunipongeza. Kamkuta Mama mlangoni anatafuna tambuu. Mama kamuuliza, yeye ni mtoto wa nani. Makame katafsiri. Daktari kajibu kwa adabu, kataja baba yake na mji wao.

Kisha kaniita pembeni, nyuma ya Landrova. Hakupandisha sauti. Kaniuliza siku ile mzazi alilazwa wapi, na mgonjwa wangu mwengine alikuwa wapi. Nilimwambia. Kasema basi nimeshajijibu. Tela ni ya wazazi. Kitanda kile kibaki kwa anayejifungua, na mama yangu asiwemo tena kuanzia wiki ijayo.

Nilitaka kumwambia kwamba bila yule bibi kusingekuwa na mzazi. Nikamwambia. Kasema anajua.

Ana haki. Ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumatano, 3 Agosti

Nimemweleza Mama. Nilijitayarisha kwa machozi yake. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kasema hilo yeye na Mize wameshalizungumza.

"N'ache kwa Mize," kasema. "Chake naangalia ukuta. Huku watu waja."

Nimemuuliza Bi Mize. Kasema ana chumba, ana wajukuu wa kike wakubwa, na yeye mwenyewe hana tena mtu wa rika lake wa kuzungumza naye. Nimemwonyesha namna ya kumgeuza ili asipate vidonda. Aliniacha nimwonyeshe, ingawa anajua.

Nimeumia. Miaka yote hii nimemgeuza, nimemwosha, na kumbe alichokosa ni mlango wa wazi.

Ijumaa, 5 Agosti

Jana Shaame na wenzake walimbeba Mama mpaka kwa Bi Mize. Hadia kamtandikia mwenyewe. Nimemwachia kanga zake, mafuta ya mgongo, tambuu. Kikohozi kimepungua. Kanishika kwa mkono wake wa kushoto, kaniombea dua, kisha kageuka kuendelea na mazungumzo yao.

Nimefika nyumbani leo kabla ya sala ya Ijumaa. Nimefagia. Nimetoa godoro lake juani. Nimepika wali kidogo na mchuzi wa nazi, nimekula nimekaa, si nimesimama. Baadaye nikajinyoosha kitandani, mchana kweupe, madirisha wazi.

Nimefurahi. Nikaona haya kwa kufurahi. Kisha nikalala.

Nimeamka na adhana ya alasiri. Hakuna aliyeniita.