Sauti Ndani ya Diski za Kanduyi

Alhamisi usiku, Matisi, Kitale, 2006

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na kompyuta ilikuwa imeshaonya kwamba nikikubali, diski zote nne zitafutwa.

Kituo kidogo cha redio cha Kanduyi kilituita, mimi na mwenzangu Barasa, tuunganishe diski za seva yao, kompyuta kuu inayotunza vipindi, zifanye kazi kama moja, ili moja ikifa zingine zishike, kisha tuweke mfumo mpya. Barasa alisema ameshanakili vipindi vya zamani kwenye kompyuta nyingine.

"Bonyeza, bana. Si nimekwambia viko salama?"

Sijui kwa nini nilitaka kusikia kimoja alichonakili kwanza. Kikagoma kufunguka. Cha pili pia. Alikuwa amenakili alama za kufungulia tu, zile picha ndogo za kubonyeza kwenye skrini. Sauti zenyewe zilikuwa kwenye diski nilizotaka kufuta.

Mama Nafula, meneja, akafoka nilipomwambia kazi itachelewa. "Ati mmetoka Kitale kuniambia ningoje? Na matangazo ya kesho je?"

Nikaacha ile kazi, nikawasha mfumo wa zamani, nikafungua kipindi kilichokuwa karibu. Mwanamume akasalimia wasikilizaji kwa Kibukusu, akicheka.

Mama Nafula akaketi. "Huyo ni marehemu mume wangu. Sikujua sauti yake bado imo humo."

Barasa amebaki huko akinakili upya. Naogopa stima itapotea, umeme ukatike kabla hajamaliza. Naogopa pia diski moja, inakwaruza vibaya, na kama itakufa kabla ya...

Kabla sijaondoka, Mama Nafula hakuuliza tena tutamaliza lini. Aliuliza kama naweza kurudia pale mumewe anapocheka.