Hesabu Inayovunjika Kwenye Kona

Mama mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umeamka bila yale maumivu ya goti. Na Baba je, bado anabishana na madereva wa trekta za miwa? Mimi mwili ni mzima, ila roho imechafuka.

Mama, harusi ya dada Nekesa sitafika. Nimeanza na hilo kwa sababu nikilizungusha sitaliandika.

Unaniulizanga kwenye simu ni masomo gani haya yasiyoisha. Natengeneza hesabu ndani ya kompyuta, za kuonyesha jinsi majimaji yanayovutika yanavyopita kwenye mfereji unaobanwa ghafla. Fikiria ule mrenda wako wa mboga: ukiinua mwiko unafuata juu, halafu unajirudisha sufuriani. Sasa ulazimishe kupita kwenye mrija mwembamba. Pale kwenye kona ya kuingilia mrija mvutano unapanda sana, na nikiuongeza kidogo tu, kompyuta inatoa namba za kichaa na kusimama. Nimebadilisha kila kitu ninachokijua. Inavunjika palepale.

Profesa wangu alisema nikimaliza sehemu hii ndipo nipate likizo. Wiki jana akaniita.

"Nafula, punguza huo mvutano, itapita. Andika, uende kwa dada yako."

"Nikipunguza hivyo, yatakuwa maji tu," nikamwambia.

"Nani atajua?"

Nilirudi mezani nikapunguza, Mama. Ikapita mara moja. Picha ikatoka nzuri, mistari imenyooka kama miwa iliyopandwa kwa kamba. Nikaitazama huku nikiwaza gauni la Nekesa. Halafu nikaifuta, nikaenda kujifungia chooni, nikalia kwa hasira. Nilipomweleza profesa, hakuinua hata macho. "Basi kaa nayo," akasema.

Ndiyo nimekaa nayo. Jana imevunjika tena. Sina hata wa kumfokea, maana wenzangu ofisini wanavaa vile vidude vya muziki masikioni kutwa nzima.

Msalimie nyanya yetu Kukhu, na umweleze polepole, asije akadhani nimeolewa huku kimya kimya. Mwambie Mjomba msema-chochote asimtanie Nekesa kwa sababu sipo. Na yule shemeji mpya, mwambie nitamhoji hata akiwa ameshaoa.

Siku yenyewe, mtu mmoja anishikie simu ya video karibu na mlango wa kanisa. Asinisemeshe. Nataka tu kumwona Nekesa akitoka.

Binti yako mwenye hamu ya nyumbani,
Nafula