Jiwe Lililosogea

Jumapili, 2 Machi

Tumefika. Siku mbili baharini na mgongo wangu haujalalamika hata mara moja. Wa fundi wa injini umelalamika kwa niaba ya meli nzima, na yeye ana miaka arobaini. Mimi sabini na moja. Ng'ombe hazeeki maini.

Kisiwa ni kile kile. Pete ya mchanga na matumbawe, katikati maji ya magotini, hakuna binadamu anayeishi. Safari yangu ya thelathini na nne hii. Kwenye meli wananiita Darubini, na jina hilo sikujipa mwenyewe.

Naandika herufi kubwa kwa sababu taa ya chumbani ni mbovu. Nimemwambia fundi. Kaitazama, kasema ni nzima. Fundi gani huyo!

Jumatatu, 3 Machi

Wageni watatu, boti ndogo tatu. Moja anaongoza nahodha, moja fundi, moja mimi. Nahodha ni mtoto wa dada yangu. Mbele ya wageni ananiita Mzee, tukibaki wawili ni Mjomba.

Kazi yangu ni kuona. Mgeni anasimama mbele na ufito wake wa kuvulia, mimi nyuma juu ya jukwaa na upondo. Nasukuma boti taratibu, natazama maji. Nikimwona kolekole nasema yuko wapi, mgeni anarusha unyoya wenye ndoano. Kanuni ya boti: mgeni harushi mpaka mimi niseme. Tukimkamata tunampiga picha, tunamwachia. Mke wangu, Mungu amrehemu, alicheka hilo mpaka akalia. Yaani watu wazima wanasafiri siku mbili kwenda kumsalimia samaki?

Mgeni wangu ni mjane wa Mhandisi. Mhandisi alivua nami miaka kumi, amefariki miezi saba iliyopita. Mama huyu amekuja na ufito wa mumewe na kofia nyekundu pana kama sinia. Namwita Mama Kofia, kimoyomoyo. Anataka kolekole mmoja tu, kwa ufito ule, mahali pale pale alipovua mumewe.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Mwaka jana mimi na mumewe tulipata kumi na mmoja! Hakuna boti iliyotukaribia. Yeye alirusha, sawa. Lakini aliyeona ni nani? Mwenye macho haambiwi tazama.

Mama akanitazama kidogo, akaweka kofia yake sawa.

Leo hatukupata. Mawingu.

Jumanne, 4 Machi

Upepo. Boti hazikutoka. Wenzangu wanacheza karata jikoni, vicheko vinafika mpaka huku. Siku hizi sichezi nao. Karata zao zimefifia, na mpishi ni mwizi.

Kitanda cha pili humu hakina mtu. Nimeweka buti zangu juu yake, paonekane pana mwenyewe.

Zamani nikirudi safari mke wangu alikuwa ananiuliza umeona nini, naye anataka yote, tangu rangi ya maji. Ndiye aliyenifundisha kuandika, nikiwa na miaka hamsini, mkono mzito kama nanga. Alisema ukiona kitu na mimi sipo, kiandike. Basi naandika. Wa kusomewa hayupo.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeaibika. Nikiandika labda itatoka.

Maji yanajaa, jua kali, hakuna wingu la kulisingizia. Tuko mlangoni, pale bahari inapoingia ndani ya pete. Mama Kofia kauliza polepole, Mzee, kile cheusi pale kushoto ni nini. Nikatazama. Niliona mng'aro, na ndani ya mng'aro, weusi. Nikasema ni jiwe. Tena kwa sauti ya mtu aliyelipanga jiwe hilo kwa mikono yake.

Kanuni ni kanuni. Hakurusha.

Jiwe likasogea.

Likaja mpaka kando ya boti, bila haraka, kama mwenye shamba anayekagua ua wake. Hapo hata mimi nilimwona. Mgongo, pezi, jicho. Kolekole mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona mlangoni pale. Mama angemgusa kwa ncha ya ufito. Katutazama, katudharau, kaenda.

Nilingoja nitukanwe. Mama akakunja mshipi wa ufito wake, akaniuliza kama nina kiu.

Mezani nahodha kauliza tumeona nini. Mama anapaka mkate siagi. Kajibu, "Leo hatukuona kitu."

Kadanganya kwa ajili yangu. Nani kamwomba? Nimeacha sahani nusu, nimetoka.

Taa ni nzima. Nimeijaribu kwenye chumba cha mpishi, inawaka vile vile.

Alhamisi, 6 Machi

Sikumsemesha asubuhi nzima. Nasukuma tu. Saa tano akalaza ufito, akageuka.

"Mzee, mume wangu alijua."

Alijua nini?

Akasema miaka miwili kabla hajafa Mhandisi alirudi nyumbani akamwambia: Darubini haoni tena, ila bado anajua samaki atatokea wapi, saa gani, atapita upande gani. Sasa mimi namwonea, yeye ananijulia. Na kwamba miaka miwili ile ya mwisho ndiyo aliyoifurahia kuliko yote.

Nikamwambia maji yameharibika, turudi. Maji yalikuwa mazuri sana.

Nimekaa na jambo hili tangu saa ile. Ni kweli. Mwaka jana Mhandisi alikuwa na tabia ya kuuliza. Darubini, pale mbele si kama pana kitu? Nami nasema ndiyo, kolekole, rusha. Darubini, huyu si anakwenda kulia? Ndiyo, kulia, mtangulie. Nikamcheka kwa fundi, nikasema Mhandisi uzee umemwingia, hajiamini tena.

Kumi na mmoja. Wote aliwaona yeye.

Ijumaa, 7 Machi

Nahodha kaja chumbani. Kaondoa buti zangu, kakaa. Siku nne, boti mbili zimepata samaki tisa, yangu haina hata magamba. Kesho anabadilisha wageni. Mama Kofia anakwenda na fundi, mimi napewa yule mfanyabiashara wa mabati, anayeongea kuliko mvua juu ya mabati yake.

"Mjomba, kesho nipe samaki mmoja tu. Ukikosa, safari ijayo upumzike."

Kupumzika najua ni wapi. Kwa binti yangu, chumba cha nyuma, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Binti ni mwema. Kashapaka rangi. Mwaka wa pili sasa ananiambia rangi imekauka, baba.

Nikamwambia mpwa wangu nilimfundisha yeye kushika upondo angali anaogopa kaa. Kasema ni kweli. Hakubisha, na hilo ndilo lililoniuma.

Jioni Mama Kofia kanikuta ngazini. Kanong'ona, nimwombe nahodha nibaki na wewe? Sisi wawili tungeweza, kama walivyoweza nyinyi. Nimemjibu Darubini haazimi macho. Kainamisha kofia, kaenda zake.

Ningesema asante. Neno hilo nalo lilikuwa karibu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa botini. Daftari nimelileta ndani ya mfuko wa nailoni. Mabati anadhani naandika habari za maji, na sijamsahihisha.

Boti ya fundi iko mbali, ng'ambo ya pili. Kuna kitu chekundu. Kofia yake. Au boya.

Nimemleta huyu mahali penyewe, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Mlangoni, maji yanaanza kujaa, jua mgongoni. Nimetia nanga tule kidogo. Kolekole wanakaribia kuingia. Nalijua hilo kwa mkondo unavyogonga ubavu wa boti.

Sasa hivi kauliza. Mzee, kile cheusi pale ni jiwe?

Nimemwambia asubiri, namalizia mstari.

Kanyamaza, mara ya kwanza tangu asubuhi. Kashika ufito. Anangoja neno langu, kanuni ndiyo hiyo. Sijainua kichwa. Nikisema jiwe, likaondoka, nimekwisha. Nikisema samaki, ndoano ikang'ang'ania jiwe, nimekwisha vile vile. Nikiandika polepole, kama ni samaki atajiendea.

Lipo neno la tatu. Fupi. Mke wangu alinifundisha herufi zake zote. S – I – O –

Ananiita tena. Anasema, Mzee, kinasogea.