Sauti ya Fiston

Jumatatu, 14 Aprili 2003

Kompresi za kufungia vidonda hakuna, serumu ya mshipa tunagawa kwa matone, na ofisi ya hospitali inatuletea mwalimu wa muziki. Muziki! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Anaitwa Laurent, Mwaluri wa Mahagi, ana kravati na cheti cha semina ya siku sita Kampala. Siku sita! Mimi nilisoma uuguzi miaka minne. Anasema sauti itawasaidia watoto wetu. Nikamuuliza mguu wa mtoto Fiston, uliokatwa chini ya goti, utaota kwa sauti gani. Akacheka. Hajui kukasirika mtu huyu, na hilo linaniudhi zaidi.

Alhamisi, 17 Aprili

Amekuja na mabomba ya plastiki ya choo, mengine marefu, mengine mafupi. Ameyaosha kwa sabuni, anaapa. Kwao wanapiga tarumbeta za mti, agwara, na kila mtu ana sauti moja tu: wewe yako, jirani yako, zikifuatana ndipo wimbo unatoka. Basi watoto sita, mabomba sita. Debe tupu haliachi kuvuma! Salle nzima ya wagonjwa ilikuwa zizi la mbuzi.

Nikamwambia wagonjwa wanataka kupumzika. Yeye: "Mama Hortense, kila mutoto iko na yake moja tu. Moja ikikosa, wimbo inabakia na shimo." Haya, profesa.

Jumanne, 22 Aprili

Ketsia. Miaka tisa. Risasi ilimpita kifuani wakikimbia kijiji cha Bogoro, na tangu Februari hajasema neno. Daktari Vital ameamuru apulize mrija ndani ya chupa ya maji kila siku, la sivyo pafu litajaa usaha. Nimembembeleza, nimemfokea, nimemwahidi biskuti. Anageukia ukuta.

Leo Laurent ameweka bomba fupi kitandani pake, bila kumwomba kitu. Fiston, wa kitanda cha jirani, akapiga sauti yake. Akapiga tena. Ya tatu, Ketsia akajibu — puuu! Akakohoa makohozi mazito, akangoja zamu yake, akajibu tena. Nilihesabu mara thelathini na mbili.

Bahati tu. Laurent alitaka tutazamane, nikaenda kuosha mabeseni.

Jumatano, 30 Aprili

Homa ya Ketsia 37 na kidogo. Anakula. Na Vital anampongeza nani? Laurent! Kidonda kile nani amekisafisha wiki tisa, kravati?

Askari Waganda wanaolinda mji wanafunga mizigo. Wote wanasema wakiondoka tu, mji utawaka.

Jumamosi, 3 Mei

Mjomba wa Fiston amekuja na nafasi kwenye lori la kwenda Aru. Vital alisema kidonda kinataka wiki moja bado. Laurent alinisihi, eti Ketsia hufuata sauti ya Fiston, si ya mwingine. Nikasaini karatasi ya kutoka. Nina wagonjwa wawili wanalala sakafuni kwa kukosa kitanda, nifanyeje? Na niseme kweli, hapa hakuna anayesoma: nilifurahi kelele kupungua.

Fiston alitaka kwenda na bomba lake. Nikamnyang'anya. "Hii ni ya service, haitoki hospitali!" Akalia mpaka getini. Bomba la choo, Mungu wangu.

Jumanne, 6 Mei

Waganda wameondoka. Risasi tangu asubuhi. Laurent amekwama ng'ambo ya mji, huko Shari.

Ketsia hapulizi. Watoto watano waliobaki wanapiga zao, yeye ameshika bomba na kutazama kitanda cha Fiston. Kuna mtoto mwingine pale sasa. 38.6.

Ijumaa, 9 Mei

39.4. Pumzi fupi fupi. Dawa aliyoandika Vital haipo, na hata ingekuwepo mjini, nani atavuka barabara? Chupa nimejaribu. Ukuta.

Nilimwondoa Fiston mimi. Mwingine wa kumlaumu hayupo, nimemtafuta.

Basi nikatoa bomba lake kabatini. Mimi, Hortense, miaka arobaini na minane, mwenye diploma, nimekaa kitandani napuliza bomba la choo mchana kweupe! Ikatoka sauti ya tumbo. Ketsia akageuka, akanitazama kwa dharau ambayo naijua sana, maana ni yangu.

"Haiko vile."

Amesema! "Weye unapuliza na mashavu. Fiston anapulizaka na mudomo. Na unachelewa."

Nikafundishwa. Mara ya tano hivi nikaipata, naye akajibu. Akajibu mara nne, akakohoa, kikatoka kitu cha kijani kinanuka, nikafurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Tungeendelea.

Vital akaingia mbio. Wenye bunduki wako barabara ya nyuma, wanaingia nyumba kwa nyumba. Watoto wote chini ya vitanda, kimya kabisa, mtu asitoe sauti.

Naandika tumelala sakafuni, mimi na yeye, kichwa kwa kichwa. Kifua chake kinakoroma. Tukipuliza tunawaita. Tusipopuliza, najua kinachofuata, nimeshawafunika wengine shuka usoni. Nyayo ziko kwenye kokoto, karibu na dirisha. Naogopa sana.

Ketsia ananigonga bega na bomba lake. Nimemwekea kidole mdomoni, amekitoa.

"Mama, anza. Yako ndio inatangulia."