Serame Hakamatiki

Jumatatu, 9 Aprili 2018

Wamekuja na mbwa! Shemeji Rapitso, na wanaume wawili wa bondeni, na kamba mabegani kama wanaenda kukamata simba. Nilimwambia shemeji mapema — marehemu kaka yako hakuwahi kumfukuza huyu farasi hata siku moja. Rapitso akacheka. Akasema farasi ni farasi tu, shemeji, wewe kaa utuchemshie chai.

Nikachemsha. Ikapoa.

Asubuhi nzima wamemzunguka Serame kule mlimani. Anawaacha wafike karibu kabisa, kiasi cha kumgusa, halafu — huyo! Mmoja alitumbukia kwenye kinamasi mpaka mapajani. Kiatu chake kimebaki huko huko. Nilisimama mlangoni nikacheka, shuka jeusi la msiba nimelibana mdomoni wasinisikie. Sikuwa nimecheka tangu tumzike mume wangu Malefane, mwezi wa pili.

Wakati wa kuondoka Rapitso hakuwa na utani tena.

"Mke mwenzio huyo," akaniambia. "Wote wawili mmefiwa na mtu mmoja. Malizaneni wenyewe."

Alisema kwa hasira, lakini alisema kweli. Kwangu Malefane alikuwa mtu wa "lete chumvi" na "funga mlango". Maneno yake yote alimpa farasi. Nilikuwa namsikia zizini alfajiri, anaongea, anaongea. Nikitokea na ndoo — kimya. Miaka yote ile sikujua walikuwa wanaongea nini.

Jumatano, 11 Aprili

Mwanangu Tlali kapiga simu kutoka mjini Welkom. Nilikimbilia kule kwenye mwinuko mtandao unakoshika.

"Mama, huko juu peke yako unafanya nini?"

"Naishi."

"Njoo ukae na sisi. Chumba kipo. Wajukuu zako wanakuulizia."

Wananiulizia! Yule mdogo hajawahi kuniona. Nikauliza, na Serame? Akasema ameshapata bwana mmoja, Ntate Phakiso wa Semonkong, anayewapandisha wageni farasi kwenda kuona maporomoko. Atakuja mwezi wa sita kabla njia hazijafungwa na theluji. Ila amesema wazi: ananunua farasi, hanunui upepo. Kwanza akamatike.

Nikasema sawa. Sikuwa nimefikiria chochote. Nilitaka tu aendelee kuongea.

Jumapili, 15 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo nisingemwambia mtu.

Ndugu waligawana nguo za Malefane, lakini koti la mvua halikupata mwenyewe, limetoboka kwapani. Na mabuti ya mpira. Nimevaa vyote. Na kofia yake ya sufu. Nikapanda mlima nikitembea kama yeye, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo.

Serame alikuwa ng'ambo ya kijito. Akainua kichwa. Akalia — sauti ile ile ya zizini alfajiri! — akaja. Mbio kweli, manyoya ya shingo yanapepea, maji yanaruka. Nikasema moyoni, kumbe rahisi hivi.

Akafika. Akanyoosha shingo, akanusa mkono wa koti. Akanusa tena kwa nguvu. Halafu akanusa uso wangu.

Akarudi nyuma, taratibu, macho hajayatoa kwangu. Kisha akageuka akaondoka. Hata hakukimbia. Alitembea, kichwa chini.

Nilikaa kwenye majani nikalia mpaka kifua kikauma. Kanisani sikulia, makaburini sikulia, watu wakaniita mwanamke jasiri. Na mimi nilipomwona anakuja mbio vile, kwa muda mfupi tu, nilikuwa nimegeuka kumtazama mtu nyuma yangu.

Koti nimelichoma.

Jumanne, 17 Aprili

Sikwenda na kamba. Nimebeba maharage ya kumenya, nikakaa kwenye jiwe, basi. Serame akanitazama kwa mbali kama anayesoma tangazo la ofisini.

Wakati wa kushuka jirani yangu Mampoi alikuwa kwenye ua wake. Haji kwangu siku hizi; nguo nyeusi zinamtisha. Tunaongea juu ya mishubiri ya ua.

"MaTlali! Umehamia huko juu? Au unachunga mawe?"

"Namenya maharage."

"Nyumbani hakumenyeki?" Akashusha sauti. "Watu wanasema umechanganyikiwa."

"Na wewe umewajibu nini?"

"Nimewajibu bado kidogo."

Tukacheka. Halafu jua likaanza kuzama na mimi ikabidi niwe ndani, mjane hapaswi kuonekana nje. Usiku ni mrefu kuliko unga uliobaki.

Alhamisi, 19 Aprili

Mvua. Serame amenipa mgongo kutwa. Sijatamka neno hata moja tangu jana. Nimejikohoza kuona kama sauti bado ipo.

Jumanne, 24 Aprili

Nimegundua kitu! Nikimwendea, anaondoka. Hilo kila mtu analijua. Lakini leo alipoinua kichwa kunitazama nikasimama pale pale, mguu mmoja hewani karibu nianguke. Nikageuka nikampa mgongo. Nikasubiri. Nikasikia kwato. Moja… mbili. Nikiangalia, naye anasimama. Nikigeuka tena, anakuja.

Anataka kuja. Hataki kufuatwa.

Tena nisielekee kichwani kwake — ubavuni, polepole, kama mtu anayepita njia yake.

Jumatatu, 30 Aprili

Nimeanza kumwongelesha. Mwanzoni sikuwa na la kusema, nikamwambia nilichopika. Ugali na mboga za majani. Jana: ugali na mboga za majani. Akakoroma puani. Basi nikamwambia habari za Mampoi na wale kuku wake. Halafu, sijui ilitoka wapi, nikamwambia, nilikuwa nakuonea wivu. Nikiwa nimempa mgongo, naongea na bonde. Nikamwambia kwamba Malefane alipokuwa akirudi kutoka migodini, mimi nimepika, nimefagia, nimejipaka mafuta, yeye alianza kupita zizini.

Niliponyamaza alikuwa nyuma yangu, karibu kiasi cha kunusa pumzi yake. Majani mabichi na uvuguvugu.

Jumapili, 6 Mei

Nimemgusa. Shingoni, chini ya manyoya. Joto! Sijagusa kiumbe chenye joto tangu Februari.

Jumanne, 8 Mei

Mpumbavu mimi. Mpumbavu! Nilificha kamba ndani ya blanketi. Mkono mmoja unamkuna, mwingine unatoa kamba. Akaisikia kabla sijaivuta vizuri. Akaruka, kamba ikanichubua kiganja mpaka nyama, mimi chini, yeye juu kabisa kwenye miamba.

Nilikuwa na haraka ya nini? Ya kumuuza?

Jumatano, 9 Mei

Hayupo.

Jumapili, 20 Mei

Amerudi upande huu wa mlima tangu Ijumaa. Tumeanza upya kama wageni. Safari hii kamba naibeba mkononi, wazi, aione. Naiweka kwenye jiwe, namenya maharage. Aliinusa, akaniangalia, akaondoka. Mwache. Hata mimi ningeondoka.

Jumanne, 29 Mei

Leo nimemvisha! Alisimama mwenyewe. Nikapitisha kamba shingoni, kisha kichwani, nikafunga. Nikasema, haya, tumemaliza — nikamvua. Nikaondoka zangu.

Akanifuata! Mpaka karibu na zizi, nyuma yangu, kama mtu na mtu wanaotoka kanisani.

Nilifika nyumbani nikiwa na furaha nikatafuta wa kumwambia. Hakuna. Mampoi alikuwa uani anaanika nguo. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Maana nikimwambia Mampoi, kesho anajua Rapitso. Akijua Rapitso, anajua Tlali. Akijua Tlali, anakuja yule wa Semonkong.

Sikuwa nimelitazama hivyo kabla ya leo.

Jumapili, 3 Juni

Tlali kwenye simu: "Vipi farasi, mama?"

Nikasema bado.

"Bado kabisa?"

"Hakamatiki, mwanangu. Unamjua."

Akasema baba alimharibu yule farasi. Nikasema ndiyo, alimharibu. Na wakati huo huo Serame yuko hatua chache kutoka pale nilipo, anang'oa majani, anasikia uongo wote.

Jumatano, 6 Juni

Rapitso alipita na kondoo wake, mimi niko mlimani, Serame anakuja. Nikapunga mikono na kupiga kelele, akashtuka akakimbia. "Umeona?" nikamwambia Rapitso. "Ndivyo alivyo."

Rapitso akatikisa kichwa, akaenda zake.

Ilinichukua mchana wote kumrudisha. Nilimwomba radhi. Sijui kama farasi wanaelewa jambo kama hilo, kwamba mtu anakufukuza ili usiondoke.

Jumatano, 13 Juni

Wamekuja leo. Bila taarifa! Rapitso, na huyo Ntate Phakiso — mtu mzima, mpole, blanketi zuri, amepanda farasi wake mweusi na kumwongoza mwingine. Nilitegemea mlanguzi mwenye makelele. Afadhali angekuwa hivyo. Alinipa pole ya msiba kwa heshima, akavua kofia.

"Mama, sikuja kukusumbua. Nataka nimwone tu. Mwite mara moja. Asipokuja, nitarudi kwangu na hatutazungumza tena habari hii."

Nikasema mtapoteza muda wenu. Nikatangulia. Mpango ulikuwa mwepesi: nipunge mikono kama wiki iliyopita, akimbie, tuje tunywe chai.

Hata sikumwita. Aliniona tu kutoka kijitoni, akaanza kuja.

Nikapunga. Akasimama, masikio mbele. Akaja tena. Nikapiga kelele. Akaja! Nikavua shuka nikalipepea hewani kama kichaa — akalitazama shuka, akanitazama mimi, akaendelea kutembea. Wiki zote hizi nimemfundisha asiniogope. Ameelewa somo.

Nyuma yangu nikamsikia Phakiso, taratibu: "Mbona huyu ni kondoo?"

Niliinama kama nafunga kiatu. Nikaokota jiwe. Nikalirusha kwa chini, mwili wangu umewaziba. Sikutaka limpate. Lilimpata juu ya goti. Nilisikia mlio wake.

Hakukimbia papo hapo. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Alisimama kwanza akanitazama, mguu ameuinua. Kama vile siku ya koti. Ndipo akaondoka, mbio za kuchechemea, mpaka miambani.

Phakiso alivaa kofia yake. "Nilisema sinunui upepo," akasema, lakini bila kejeli. Akanywa chai yangu, akashukuru, akaenda.

Rapitso alibaki anafungafunga lango la zizi ambalo halina hitilafu yoyote.

"Shemeji."

"Naam."

"Mwenzangu alikuwa nyuma yako. Mimi nilikuwa pembeni."

Nikaanza kukusanya vikombe.

"Nimeona jiwe."

Akafunga waya, akaufungua, akaufunga tena.

"Tlali anakuja Jumamosi na gari la kuchukua vyombo vyako. Farasi awepo asiwepo. Nimwambie nini?"

Nilitaka kusema mwambie vyovyote. Nilitaka kusema kaa kidogo, shemeji, unywe chai nyingine. Nikasema tu, sijui. Akaondoka na mbwa wake.

Alhamisi, 14 Juni

Naandikia huku juu, kwenye jiwe. Theluji imeanguka alfajiri, nyembamba, vidole havishiki kalamu vizuri. Mampoi amenipigia kelele toka uani nirudi nitakufa na baridi. Nimempungia mkono.

Kabla ya kupanda nilimpigia Tlali kutoka mwinukoni. Nikamwambia, njoo Jumamosi, mwanangu, nitafurahi sana, lakini njoo unisalimie tu. Gari la nini?



"Mama, gari nimeshaliagiza."

"Basi walete wajukuu humo."

"Unabaki huko kwa sababu gani? Nieleze nielewe. Kwa sababu ya farasi asiyekamatika?"

Ningemweleza nini? Kwamba anakamatika? Kwamba alikuwa ameshakamatika, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwachisha kwa jiwe? Nikasema salio linaisha, na yeye mwenyewe ndiye anayenitumia salio. Amejua nadanganya. Amesema, tutaongea Jumamosi.

Serame yuko chini ya miamba. Anauegemea mguu mzima, ule mwingine anaugusisha tu chini. Nimemwita mara moja, sauti ikatoka mbovu. Masikio yamegeuka, mwili haukugeuka. Sikumwendea. Sina haki ya kumwendea leo.

Nimeweka kamba kwenye theluji, wazi. Nimegeuka nikampa mgongo. Nimemwambia — kwa sauti, Mampoi asikie akitaka — nimemwambia, nilikupiga, mimi, kwa mkono huu, na sitaki uende Semonkong, na mimi sitaki kwenda Welkom kukaa kwenye chumba cha nyuma nikisubiri watu warudi kutoka kazini. Nimemwambia kwamba nyumba yangu ina kimya kibaya sana baada ya jua kuzama. Nimesema mpaka maneno yakaisha.

Naandika ili mikono iwe na kazi, isigeuke.

Muda umepita. Wingu limekuja mpaka kwenye kijito, zizi silioni tena.

Kuna kitu kinavunja theluji huko nyuma. Kimesimama. Yaweza kuwa kondoo wa Rapitso, wamezoea kupanda huku.

Kimesogea tena. Hatua moja inatua vizuri, ya pili inaburuta.

Sigeuki. Naandika tu. Sigeuki —